Eafraya na samaki wa ziwani: sato anagandia, chipsi zinalegea, dagaa wanaruka. Naomba vipimo

Jiko_la_Igoma

Habari wakuu. Naomba vipimo vinavyofanya kazi kutoka kwa wanaopika chakula cha kila siku kwa eafraya (kikaangio cha hewa ya moto), hasa samaki wetu wa huku Mwanza. Yangu ni ya droo moja, lita 4.5, wati 1500, kikapu ndani ni sentimita 21 kwa 21, joto nyuzi 80 hadi 200. Kijitabu chake kina salmoni, nagetsi na mabawa ya kuku. Sato hayumo, dagaa hawamo, muhogo haumo.

Yanayonishinda: sato wa nusu kilo kwa nyuzi 180 dakika 15 anatoka mweupe kama wa kuchemsha, ngozi yote inabaki kwenye wavu. Chipsi za kilo moja kwa nyuzi 200 dakika 20, za juu zinaungua ncha na za katikati zinalegea. Dagaa wakavu wanaruka humo ndani, unasikia kabisa wanagonga juu, halafu moshi. Muhogo unakuwa ukuni. Na kuna jioni chakula kilekile kinachelewa kuiva, sielewi ni mashine au ni umeme wa huku.

Nyumbani tupo watano. Lengo ni kupunguza mafuta ya karai. Natanguliza shukrani.

MwaloniSato

Karibu jamvini. Kabla ya vipimo, lifahamu hilo dude: jina lake ni la kukaanga lakini kazi yake ni ya tanuri. Juu kuna koili, juu ya koili kuna feni. Hewa ya moto inasukumwa chini, inapita kwenye matundu ya wavu, inazunguka na kurudi juu. Mafuta ya karai hukigusa chakula pande zote na kukipa joto kwa mkupuo. Hewa hubeba joto kidogo mno, kwa hiyo lazima ikimbie na iachiwe njia. Halafu chakula hakianzi kupata rangi mpaka maji ya juu yake yaishe, maana penye maji joto halipandi zaidi ya kiwango cha kuchemka, ambacho hapa Mwanza, mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, ni nyuzi 96 hivi. Ukisoma tena malalamiko yako utaona mengi ni habari ya maji tu.

Sato sasa. Wa nusu kilo ana urefu wa sentimita 28 hadi 30. Hata yule wa kipimo cha sheria anaanzia 25. Kikapu chako ni 21. Ukimkunja, mkia unanyanyuka karibu na koili unaungua huku mgongo haujaiva. Kona kwa kona labda aingie wa 26, tena peke yake. Wa nusu kilo mkate vipande viwili kwa mshazari, au toa kichwa kikaliwe kwa mchuzi.

Paa magamba, toa matumbo, kisha kwangua ule utando mweusi wa tumboni kwa sababu ndio unaoleta uchungu. Chanja mara tatu kila upande hadi ufikie mfupa. Kwa nusu kilo: chumvi kijiko cha chai kimoja kisichojaa, ndimu moja, tangawizi ya kusaga kijiko cha chai kimoja, kitunguu saumu punje tatu. Mwache dakika 15, zikizidi sana 20. Wanaomlaza usiku kucha wanajiharibia: ndimu huivisha nyama ya nje ikawa chengachenga, na tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinacholegeza protini, samaki akifika kwenye kikapu anavunjika.

Hatua ambayo wengi wanairuka ni hii inayofuata. Pangusa tangawizi na kitunguu saumu vyote vilivyobaki juu ya ngozi, vitaungua na kuleta uchungu. Mkaushe kwa tishu ya jikoni au kitambaa safi, nje na ndani ya michanjo, kisha mwache wazi kwenye chekecheo dakika 10. Ukimgusa, kidole kisilowe. Hapo ndipo unampaka mafuta, kijiko cha chakula kimoja kwa samaki mmoja, ukiwa umechanganya humo robo kijiko cha chai cha binzari ya manjano kama unapenda rangi. Alizeti inafaa, ya pamba inafaa. Siagi ya kopo hapana, inaungua mapema.

Ipashe mashine moto tupu, kikapu kikiwa ndani, nyuzi 200 kwa dakika 4. Toa, pitisha brashi yenye mafuta kwenye wavu, mlaze sato. Usiposikia "chwaa" kikapu bado ni baridi. Nyuzi 200 dakika 9 bila kufungua, mgeuze kwa mwiko bapa, dakika 7 tena. Wa gramu 700 mpe 11 na 8. Angalia nyama iliyo karibu na uti wa mgongo pale panapokuwa pana: ikiwa nyeupe na inaachana na mfupa, ameiva. Mwenye kipimajoto asome nyuzi 63.

Kuhusu kugandia: ngozi ikigusa chuma baridi inashikana nacho kadiri kinavyopata moto. Ikigusa chuma cha moto chenye mafuta inakauka kwanza, kisha inajiachia yenyewe. Ukitaka kumgeuza akagoma, usimlazimishe, muongeze dakika 2.

Aliyetoka kwenye friza muache ayeyuke kabisa kwanza. Anatoa maji zaidi ya wa asubuhi wa soko la Mwaloni, kwa hiyo kumkausha ni mara mbili.

dada_wa_Kirumba

Samaki ameshasemwa. Mimi nije kwenye viazi na mihogo.

Kilo moja ya chipsi kwenye lita 4.5 ni kipimo cha mara mbili. Gramu 500 basi, chipsi zisizidi tabaka mbili. Zikibanana, mvuke wa za chini unazipikia za katikati, ndiyo huko kulegea. Kwa watu watano pika awamu mbili, ya kwanza itoe dakika 3 kabla haijamaliza, na ya pili ikikaribia mwisho rudisha zote kwa dakika 3 nyuzi 200. Hapo hazipiki tena, zinapata moto tu, kwa hiyo kujaa si neno.

Viazi vikomae, ngozi isichubuke kwa kidole. Visitoke kwenye friji: kiazi kikikaa baridini wanga wake unageuka sukari, chipsi zinakuwa kahawia na chungu kabla hazijaiva. Kata unene wa sentimita moja, zote sawa. Loweka maji baridi nusu saa, badili maji hadi yawe maangavu, chuja, futa kwenye kitambaa hadi zikauke kweli. Mafuta kijiko cha chakula kimoja kwa gramu 500, yachanganye kwenye bakuli kwa mkono. Ukimwagia kwenye kikapu, nusu inaishia kwenye droo. Nyuzi 160 dakika 12, tikisa, kisha 200 dakika 10 ukitikisa tena katikati. Joto la kwanza ni la kuivisha ndani, la pili ni la kukausha nje. Chumvi mwisho, maana inavuta maji.

Ukitaka zege (chipsi mayai), tumia bati la duara la sentimita 18: lipashe moto na kijiko cha mafuta, tandaza chipsi zilizoiva, mwagia mayai matatu yaliyopigwa, nyuzi 180 dakika 7 au 8.

Viazi vitamu ndicho chakula ambacho mashine hii inakiweza kuliko vyote, na nashangaa watu wanahangaika na nagetsi. Chukua vya gramu 250 hivi, osha, usimenye, toboa kwa uma mara sita. Anza nyuzi 120 dakika 15, kisha 200 dakika 25. Kuanza taratibu kuna sababu: kiazi kinapopita kwenye nyuzi 60 hadi 75 kuna kimeng'enya chake kinachogeuza wanga kuwa sukari. Ukikirusha moja kwa moja kwenye 200 kinapita hapo haraka na utamu unapungua. Utaona asali inachuruzika kwenye matundu, weka bati chini. Ila michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, msijaribu humo, kikapu ni kidogo na jua la Usukumani ni la bure.

Ndizi mzuzu iliyoiva, yenye madoa meusi: pasua kwa urefu, paka mafuta kidogo sana, nyuzi 180 dakika 12, geuza ya saba. Ndizi bukoba mbichi iacheni kwenye sufuria.

Muhogo chemsha kwanza, haina mjadala. Wanga ili uive unahitaji maji ya kuuvimbisha. Hewa ya moto inayafukuza maji kabla wanga haujaiva, ndiyo maana unapata ukuni. La pili ni usalama: muhogo mbichi una sumu ya sianidi, na kikaangio hiki hakiiondoi. Menya gamba la kahawia na lile nene la chini yake, kata vipande vya kidole kirefu, chemsha kwa maji mengi sufuria ikiwa wazi mpaka uanze kupasuka, mwaga maji hayo. Toa uzi wa katikati, uache utoe mvuke dakika 5. Kijiko cha mafuta kwa gramu 500, nyuzi 200 dakika 14. Hapa nasema muhogo mtamu. Mchungu hata kuchemsha hakutoshi, huo ni wa udaga, yaani wa kuvundikwa na kukaushwa uwe unga.

fundi_volti_Nyakato

Mkuu, swali la jioni ni la umeme. Nguvu ya koili haishuki sawasawa na volti, inashuka kwa mraba wake. Mashine ya wati 1500 kwenye volti 230 ikipata 190 tu, piga 190 gawanya kwa 230, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 0.68. Maana yake una wati 1,020 hivi. Theluthi ya moto imepotea na taima haijui, inahesabu dakika zake zilezile. Walio mbali na transfoma huliona hili saa moja hadi saa tatu usiku, kila nyumba ikiwa imewasha.

Nunua kipima volti cha kuchomeka kwenye soketi. Ukisoma chini ya 200, ipashe tupu dakika 8 badala ya 4, punguza chakula kwa theluthi, na usiamini dakika za mtu yeyote humu, angalia rangi. Volti ndogo haikupunguzii uniti pia, maana inakaa muda mrefu zaidi.

Uniti zenyewe. Wati 1500 kwa saa nzima bila kukata ni uniti 1.5. Themostati hukata na kurudi, hivyo mapishi ya dakika 20 yanakula kati ya 0.35 na 0.5. Kwa aliye T1 (bei ya matumizi ya kawaida), anayepata uniti 2.8 kwa elfu moja, hiyo ni sh 125 hadi 178. Aliye D1 (bei ya watumiaji wadogo) analipa kidogo sana kuliko huyo, lakini ana kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Kupika dakika 40 kila siku kunaweza kufika uniti 30. Ukiongeza friji, pasi na runinga unavuka, na zinazozidi 75 zinatozwa bei ya juu. Huyo ndiye wa kupiga hesabu kabla ya kutupa jiko la mkaa.

Kupima, soma uniti kwenye mita kabla ya kuwasha na baada ya kuzima, vingine vikiwa vimezimwa. Msipime kwa tokeni ya kwanza ya mwezi, mle kuna kodi ya jengo imekatwa.

Mengine kwa haraka. Inavuta ampea 6.5, hivyo ile ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu haifai, waya uwe wa milimita za mraba 1.5 na plagi ya ampea 13. Jagi la umeme na eafraya kwenye ekstensheni moja ni zaidi ya ampea 15, plagi inayeyuka kabla breka haijaruka. Kile kifaa cha kulinda friji chenye ampea 5 hakitoshi, tafuteni cha 13. Na mtumba wa Marekani au Japani wa volti 100 hadi 120 msiuchomeke bila transfoma: volti mara mbili ni nguvu mara nne, koili haimalizi dakika.

Umeme ukikatika katikati ya mapishi, chomoa. Usiiache ikisubiri urudi na mshtuko wake.

mzee_wa_foili

Rahisi tu wakuu. Tandika foili chini nzima ya kikapu, hakuna kitakachogandia wala kuosha. Na sato mchovye kwenye uji wa unga kama wa karai, atakuwa na ganda zuri.

MwaloniSato

Mzee wangu, shikamoo, na kwa heshima zote hapo nakupinga mara mbili. Matundu ya kikapu ndiyo njia ya hewa. Ukiyafunika yote, upande wa chini unachemka kwenye maji yake. Ukiiweka foili wakati wa kupasha tupu, feni inainyanyua mpaka kwenye koili. Na ndimu pamoja na chumvi huila ile foili, unapata vidoa vya kijivu kwenye samaki. Kama lazima, tumia karatasi ya kuokea yenye matundu, ukubwa wa samaki tu, na uiweke pamoja na chakula kizito juu yake.

Uji wa unga unaganda kwa sababu mafuta ya moto yanaukamata papo hapo. Kwenye hewa haukamatwi na kitu: unachuruzika matunduni, uliobaki unakauka kama gundi. Ganda la humu linajengwa kikavu, na sangara ndiye wa kulijengea. Mnofu kata unene wa sentimita 3, vipande vya gramu 150, kausha. Pitisha kwenye unga wa ngano vijiko viwili vilivyochanganywa na unga wa muhogo kijiko kimoja na chumvi, kisha kwenye yai, kisha kwenye chenga za mkate mkavu. Bonyeza zishike. Nyunyizia mafuta kijiko cha chai kwa kila kipande, pasibaki pakavu, kwa sababu unga usioguswa na mafuta unabaki vumbi jeupe hata ukae saa nzima. Nyuzi 200, dakika 5, geuza, 5.

Sehemu ya tumbo ya sangara ina mafuta mengi, yakidondoka kwenye droo ya moto yanatoa moshi. Weka vijiko vitatu vya maji kwenye droo, chini ya wavu, na ushushe joto hadi 180 kwa dakika 14. Tumbo usilipake mafuta hata tone. Mapanki, yale mabaki ya sangara aliyetolewa minofu, msijisumbue nayo: mifupa inakauka, kichwa kinafuka moshi. Hayo ni ya mchuzi wa nyanya.

Dagaa. Dagaa mmoja mkavu hana uzito, feni inambeba kama karatasi. Akishika kwenye koili anaungua, na harufu ile inakaa wiki. Tibu hivi: toa vichwa, osha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au nne ukiwanyanyua kwa mkono, msiwamwage pamoja na maji, ili mchanga ubaki chini ya beseni (walioanikwa kwenye vichanja wana mchanga kidogo kuliko wa chini). Wachuje, kamua, kisha gramu 150 changanya na kijiko cha chakula cha mafuta, chumvi kidogo na pilipili. Maji waliyonywa na mafuta vinawapa uzito wa kuanzia. Tandaza, juu yao laza wavu wa chuma ulio mpana karibu sawa na kikapu, kile kiwavu cha kupozea keki kinatosha. Nyuzi 160 dakika 5, tikisa, funika tena, 180 dakika 4 hadi 5. Wakishaanza kugongana kwa sauti kavu toa, hawasubiri: dakika moja inawatoa kwenye utamu hadi uchungu. Nyanya na kitunguu vikaangwe pembeni na kuchanganywa mezani. Ukivitia mle ndani wanalainika upya.

Furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wakipatikana wanafaa kuliko dagaa. Wana uzito wa kutosha hawaruki, na mwili ni mdogo kiasi kwamba mfupa unatafunika. Nyuzi 200 dakika 12, geuza mara moja.

Jiko_la_Igoma

Asanteni sana, dada na wakuu. Sato wa 200 kwa 9 na 7 amejiachia mwenyewe, ngozi imebaki kwake. Volti saa mbili usiku ni 194, kwa hiyo fundi umepatia. Yamebaki mawili: kuku wa kienyeji anakuwa mgumu hata nikimpa dakika 45, na maandazi ya asubuhi yanatoka kama skonzi. Pia harufu ya samaki kwenye droo, chai ya jioni inanukia sangara.

dada_wa_Kirumba

Wa kienyeji ana miguu iliyotembea. Msuli wake una nyuzi ngumu ambazo zinalainika kwa maji ya moto na muda mrefu, wala si kwa hewa kavu. Kadiri unavyomuongezea dakika ndivyo anavyokauka. Mchemshe kwa chumvi, tangawizi na kitunguu mpaka uma uingie, dakika 50 hadi saa na nusu kutegemea umri wake, supu mnywe. Vipande vikauke, paka kijiko cha mafuta chenye pilipili manga, nyuzi 200 dakika 10. Hapo mashine inafanya kazi yake ya ngozi tu.

Wa kisasa ndiye anayeingia mbichi. Mapaja yenye ngozi, gramu 200 kila moja, manne kwa awamu: chumvi usiku uliotangulia akiwa wazi kwenye friji, na hapa sirudi nyuma, kulala na chumvi kavu kunamfaa kuku kuliko kulala kwenye ndimu. Nyuzi 190, ngozi chini dakika 10, ngozi juu dakika 13 hadi 15. Karibu na mfupa nyuzi 74 au zaidi, majimaji yasiwe na wekundu. Mchuzi wa asali au tomato wenye sukari upake dakika 3 za mwisho. Ukiupaka mwanzoni utakuwa lami.

Maandazi yanatoka skonzi kwa sababu, humo ndani, hayo ni skonzi. Kinacholifanya andazi kuwa andazi ni kutumbukia kwenye mafuta, likavimba ghafla na ganda kunywa mafuta kidogo. Ukikubali kula skonzi, ongeza mafuta vijiko viwili kwenye unga wa nusu kilo, paka maziwa juu, nyuzi 165 dakika 9. Chapati usijaribu, feni inaikausha kabla haijalainika. Sambusa zinakubali: paka mafuta pande zote, nyuzi 180 dakika 12, geuza ya saba, na nyama iwe imepikwa na kukauka kabisa kabla ya kufunga, mchuzi ukipasua kona ni balaa.

Kiporo cha chipsi au samaki wa kukaanga, nyuzi 170 dakika 4. Hiyo peke yake ina thamani ya mashine.

MwaloniSato

Harufu iko sehemu mbili, na watu wanaosha moja. Droo na kikapu: vikiwa bado vuguvugu tia maji ya moto na sabuni, loweka dakika 20, sugua kwa sponji laini. Steli wuli inachubua ile rangi nyeusi ya ndani, na ikishachubuka samaki watagandia milele. Chupa za mafuta ya kupuliza za dukani pia ziepukeni, zina kitu kinachojenga utando unaonata usiotoka kwa sabuni. Brashi inatosha.

Sehemu ya pili ni koili na dari lake. Mafuta ya samaki yanarukia huko, na kila ukiwasha yanaungua upya, ndiyo hiyo sangara kwenye chai. Chomoa, iache ipoe kabisa, ipindue kichwa chini, futa koili na pembe zake kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni na kukamuliwa, kisha cha maji matupu. Iache ikauke saa kadhaa kabla ya kuchomeka. Kwa anayepika samaki mara tatu kwa wiki, fanya kila Jumapili. Katikati ya wiki weka bakuli la bati lenye maji na maganda ya ndimu, nyuzi 180 dakika 5, ufute mvuke ukiwa bado moto kiasi.

Iweke mbali na ukuta sentimita 15, tundu la nyuma linatoa hewa ya moto na mafuta. Na usiku droo iwe imefungwa kavu. Mende wanaupenda sana ule uvuguvugu.